Skonzi Isiyoota Ukungu

Bosi wa bekari alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya ofisi yake. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa kuelekea mlangoni, kama wa mtu anayeomba apewe kitu. Midomo ilikuwa imegeuka samawati. Mezani kulikuwa na chai iliyopoa na skonzi iliyoliwa nusu.

Inspekta alipiga magoti kando yake, akavaa glavu. Hakukuwa na damu wala jeraha, na shingo haikuwa na alama. Macho yalikuwa yamefumbwa.

"Nani kamfumba macho?" aliuliza.

Koplo alishusha kamera. "Labda yalijifumba yenyewe, Afande."

"Mtu aliyepigania pumzi namna hii? Hayajifumbi."

Aliinua kichwa cha marehemu polepole, kama anayeogopa kumwamsha. Chini yake palikuwa na kitambaa kikubwa cheupe kilichokunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Kilikuwa bado na unyevu. Alikinusa. Hamira.

"Huyu hakufa peke yake, Koplo. Mtu alikuwa humu. Alimwacha afe, kisha akamwekea mto."

Koplo alikohoa kikohozi chake cha vumbi, akatazama pembeni.

Nyuma ya ukuta, feni ya tanuri ilikuwa inalia mluzi mwembamba, juu na chini, juu na chini, kama kifua cha mgonjwa. Inspekta alivumilia kidogo, kisha akaagiza izimwe. Ilizimwa. Kwa muda bado walikuwa kama wanaisikia.

Aliyeugundua mwili alikuwa fundi wa tanuri. Lilikuwa jitu la mtu, nyusi zimeungua, mikono imejaa makovu ya moto. Bekari nzima ilimwita Majivu, naye alikuwa amelizoea jina hilo kuliko la wazazi wake.

"Ulimgusa?"

"Nilimwita tu. Hakuitika."

"Skonzi aliletewa na nani?"

"Na mimi. Kila asubuhi trei ya kwanza ikitoka, nampelekea yake aonje."

"Nasikia jana mligombana."

"Nani hakusikia? Hata paka wa jirani alisikia."

"Mligombania nini?"

"Dawa." Majivu alifuta jasho kwa kiwiko. "Dawa ya kuhifadhi, Afande. Zamani tulitia kijiko, siku hizi ni bakuli. Bosi alitaka mkate ukae dukani mpaka mwenye duka azeeke. Nikamwambia, mkate huu utakuja kuua mtu."

"Akasema nini?"

Majivu alisita. "Akacheka. Akasema, Majivu, wewe choma, kufikiri niachie mimi."

"Hakusema kingine?"

"Basi hilo tu."

"Na leo asubuhi, baada yako, nani aliingia ofisini?"

Maswali mengine yote alikuwa ameyajibu papo hapo. Hili alilimezea mate kwanza.

"Sikuona mtu," alisema.

Ndani, kwenye meza ndefu ya kukatia matonge, alikuwepo mwanamke mzee, mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani. Wote walimwita Bibi, hata Bosi aliyekuwa karibu rika lake. Alipomwona Inspekta amesimama, alivuta kigoda, akakifuta unga kwa aproni yake, akakigeuza upande usioyumba.

"Kaa, mwanangu. Miguu ya askari ina kazi."

Aliwamiminia chai. Koplo, ambaye hakuwa amekula tangu alfajiri, alinyoosha mkono kwenye trei ya skonzi. Bibi aliivuta trei taratibu mpaka mkono ukabaki hewani.

"Na kikohozi hicho, mjukuu wangu? Kunywa chai tu."

"Bibi, skonzi zenu ndizo zilizonikuza."

"Leo usile," alisema Bibi. "Nakuomba."

Koplo alicheka, akarudisha mkono. Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama msumari ukutani, juu ya meza. Pale lilining'inia koti la mwanamume. Alipapasa mfukoni, akatoa kichupa cha dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Kilikuwa kimejaa.

"Koti hili ni la Bosi?"

"La Bosi."

"Linafanya nini hapa?"

"Huwa analivua akija kukagua matonge. Hapa pana joto."

"Ofisi haiko mbali. Hukumsikia akihangaika?"

"Mashine ilikuwa inakanda, mwanangu. Mashine ikikanda, humu hata radi huisikii."

Inspekta alimshukuru kwa chai. Bibi alikichukua kikombe kwa mikono miwili.

Jioni hiyo hiyo Majivu aliwekwa mahabusu. Mkuu wa kituo hakuona kwa nini mambo yazungushwe. "Kagombana na marehemu, kasema mkate utaua, mkate kaupeleka mwenyewe, maiti kaikuta mwenyewe. Tunangoja nini? Majibu ya maabara yakifika, anakwenda mahakamani kwa kosa la kuua."

"Na kile kitambaa chini ya kichwa?"

"Inspekta, hatupeleki vitambaa mahakamani. Tunapeleka watu."

Majibu yalifika. Daktari wa maabara alimwita Inspekta badala ya kumpelekea, na hilo peke yake lilimpa wasiwasi.

"Hakuna sumu," alisema daktari.

"Hakuna kabisa?"

"Nimeilinganisha ile nusu na skonzi aliyoninunulia Koplo kwenye duka la jirani. Ni pacha. Zote zina dawa za kuhifadhi kupita kiasi kinachoruhusiwa, nyingine ya kuzuia ukungu, nyingine ya jamii ya salfaiti. Mtu mzima mwenye afya akila leo, huenda asihisi chochote. Lakini wapo wenye pumu ambao salfaiti huwafunga kifua, tena upesi. Marehemu alikuwa mmoja wao. Mapafu yake yanasema hivyo."

"Kwa hiyo aliuawa na skonzi ya kawaida."

"Ya kawaida kabisa. Silaha yako, Afande, iko katika kila duka mtaani." Daktari aligeuza karatasi ya pakiti ili isomeke. *Safi kama ya nyumbani. Haina kemikali.* "Mwenye pumu anayesoma kabla ya kula, hapa angesoma nini?"

Inspekta aliishika ile karatasi. Alikuwa anakumbuka pakiti kama hiyo kwenye kabati la jikoni kwake. Aliwahi kuisahau akaenda likizo, akarudi akaikuta laini vile vile, akafurahi. Wakati ule aliona ni bahati. Sasa alijihisi kama mtu aliyegundua kwamba kulikuwa na mgeni ndani ya nyumba siku zote zile.

Mke wa marehemu aliwapokea Inspekta na Koplo sebuleni, akiwa amejifunika mpaka mabegani. Hakuwa na machozi tena.

"Mama, pole sana. Mumeo alijua kwamba mkate wake unamdhuru?"

"Alijua. Daktari alimwambia miaka mingi iliyopita, alipozimia. Chakula chenye dawa ya kuhifadhi kisipite mdomoni mwake."

"Na bado alikula skonzi ya bekari kila asubuhi, mbele ya wafanyakazi."

"Yake ilikuwa mbali, Afande. Alikandiwa peke yake, unga mtupu na hamira. Ina alama ya kidole gumba juu, ili isichanganyike na nyingine. Ilibidi aonje mbele ya watu. Bosi asiyekula mkate wake, nani ataununua?"

"Nani alimkandia?"

Mjane alimtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Bibi. Alimwambia Bibi kwamba ana tumbo la kizamani. Bibi akacheka, akawa anamkandia. Haikupita siku hata moja bila kumkandia."

Inspekta alirudi bekari iliyofungwa. Alifungua mtoto wa meza wa Bosi. Nyuma ya mihuri na peremende palikuwa na skonzi nzima iliyosahauliwa, yenye alama ya kidole gumba juu. Ilikuwa imeota ukungu wa kijani kama zulia.

Alitoa picha ya ile nusu iliyokutwa mezani. Nayo ilikuwa na alama ya kidole, kidole kile kile chembamba, kimeingia pale pale katikati.

Kwenye rafu ya duka la mbele zilikuwepo skonzi zilizotangulia kifo cha Bosi. Alizibonyeza moja moja. Laini. Nyeupe. Hakuna hata doa. Zilipanda juu baada ya kubonyezwa, polepole, kama kifua kinachovuta pumzi. Alirudisha mkono wake haraka, akatoka nje bila kugeuka.

Kabla ya kitu kingine alipitia mahabusu. Majivu alikuwa ameketi sakafuni, sahani ya chakula haijaguswa.

"Wanasemaje, Afande? Nanyongwa na trei au bila trei?"

"Nieleze jambo moja tu la kazi. Trei ya kwanza ikitoka, mashine ya kukandia inafanya nini?"

"Inazimwa. Haiwashwi mpaka Bosi aonje atoe neno. Ndiyo utaratibu wetu tangu..." Makovu ya mikononi yalionekana kupauka. "Afande, mimi sijasema kitu."

"Kwa hiyo wakati Bosi anakula, mashine ilikuwa kimya."

"Sijasema kitu!"

"Uliona mtu akitoka ofisini."

Jitu lile lilifunika uso. "Nilipoungua hii mikono," alisema baadaye, "mke wangu alinikimbia kwa sababu ya harufu. Bibi alikuwa ananilisha kwa kijiko. Kila siku, mpaka vidole vikafunguka. Andikeni ni mimi. Mimi sina mtu wa kunililia."

"Mimi siandiki hivyo," alisema Inspekta. Kabla ya kuondoka aliisogeza sahani karibu naye.

Bibi aliishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba za kupanga. Mlango ulikuwa wazi, kama vile aliwatarajia Inspekta na Koplo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kando yake palikuwa na godoro dogo, nalo limetandikwa, na ndala ndogo za mtoto zimepangwa chini, ncha zikitazama mlango.

"Karibuni. Majivu amekula?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hajala, Bibi. Amekataa."

"Mpumbavu yule. Mwambieni ale. Mwambieni Bibi kasema."

Inspekta alimsomea onyo: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema laweza kutolewa ushahidi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Kile kitambaa chini ya kichwa ni cha kufunikia matonge," alisema Inspekta.

"Ni changu."

"Ulisema mashine ilikuwa inakanda."

"Nilidanganya. Sikuzoea kudanganya, ndiyo maana nimedanganya vibaya."

"Skonzi ya kidole gumba siku ile hukuikanda mbali."

"Nilichukua tonge la kawaida, nikalibonyeza kidole."

"Kwa nini?"

Bibi aliinuka, akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati, akalishika kwa muda kama kitu cha moto. Kisha akalifungua.

Ndani, juu ya leso iliyofuliwa, palikuwa na skonzi moja. Ilikuwa imeng'atwa mara moja tu. Alama za meno zilikuwa ndogo, na katikati palikuwa na pengo, pale ambapo jino la utoto lilikuwa limeng'oka na jingine halijaota.

"Mjukuu wangu," alisema. "Wa binti yangu aliyekufa. Nilikuwa naye tangu ananyonya."

Koplo alivua kofia.

"Bosi alikuwa mwema, msidhani hakuwa mwema. Kila jioni alitupa mfuko wa skonzi za bure. Chukueni, mkale na watoto. Mtoto alizipenda. Akila usiku, asubuhi kifua kinalia mluzi. Nikasema ni vumbi. Nikasema ni baridi, nikamnunulia sweta. Zahanati walinipa dawa ya kikohozi. Mimi mwenyewe kila asubuhi nakanda unga safi wa Bosi kwa mikono hii, jioni kwa mikono hii hii nambebea mtoto mfuko wa dawa. Sikujua. Nilidhani ni tumbo la kizamani."

"Siku ile ilikuwaje, Bibi?"

"Alirudi kutoka shule ana njaa. Akang'ata hii. Kifua kikaanza. Akaninyooshea mkono." Bibi alinyoosha wake, kiganja juu. Inspekta aliutambua mkono ule. Alikuwa ameuona kwenye sakafu ya ofisi. "Akawa ananyoosha tu, hawezi kusema. Nikadhani anataka kula. Nikamega kipande kingine, nikamtia mdomoni."

Nje mtu alikuwa anafua, maji yakimwagika.

"Msibani Bosi alikuja. Alilia kweli, nilimwona. Alilipia gari la kubeba mwili. Na akaleta trei za skonzi kwa ajili ya waombolezaji."

"Ulijua lini kwamba yeye alijua?"

"Siku waliyogombana. Majivu akamwambia mkate utaua mtu. Bosi akacheka akasema, kwani mimi sijui? Mimi nikiula unanifunga kifua, ndiyo maana Bibi ananikandia wangu. Lakini walio kama mimi ni wangapi? Ni mmoja mmoja." Alirudia maneno hayo polepole. "Mmoja mmoja. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika matonge. Alisahau kwamba nipo. Wangu mimi alikuwa mmoja, Afande. Sikuwa na mwingine."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka ale. Nilitaka akohoe, ashike kifua, ajue. Nilikwenda mlangoni kumtazama akila. Nilitaka nimwambie, hivi ndivyo alivyofanya mjukuu wangu. Kifua kikaanza mluzi. Ule ule. Akaninyooshea mkono, akanionyesha koti kule msumarini." Bibi alifumba macho. "Safari hii nilijua mkono unaomba nini."

"Kutoka pale hadi koti ni hatua chache."

"Ni chache."

"Hukwenda."

"Nilisimama."

"Ungeweza kumwokoa?"

"Ningeweza. Miguu ilikuwa mizima. Nilisimama mpaka akanyamaza. Ndipo nikamfumba macho, nikamwekea kitambaa, kwa maana sakafu ni ya saruji na yule alikuwa ananiita Bibi." Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilidhani nikimaliza, mluzi utaacha. Haukuacha. Sasa ni wawili, na wanapokezana."

Inspekta aliandika yote, akamsomea, Bibi akaweka dole gumba chini ya maelezo. Alama ilikuwa ile ile, nyembamba, katikati.

Kabla ya kutoka, Bibi aliiweka sawa ile jozi ya ndala ambayo Koplo alikuwa ameigusa kwa kiatu bila kujua. Kisha akanyoosha mikono apigwe pingu. Inspekta alikataa pingu, akamshika kiwiko, wakatoka wakitembea kwa mwendo wake.

Majivu aliachiwa siku hiyo. Hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la kituo, akaomba aruhusiwe kumpelekea Bibi uji, na askari wa zamu kaunta akamruhusu. Maofisa wa afya walifika bekari na lori, wakabeba mapipa ya dawa, kisha wakaanza kupita duka kwa duka kukusanya pakiti. Zilikuwa nyingi. Wengine walikwisha kununua, na hakuna aliyejua wako nyumba zipi, wala ni nani kati yao aliyekuwa yule mmoja.

Inspekta alifika kwake, akaitoa pakiti kabatini. Hakuitupa kwenye pipa la jikoni. Aliifunga kwenye mfuko, akairudisha kazini.

Chumba cha vielelezo kilikuwa na joto. Koplo alikuwa anaandika vibandiko: koti, kichupa cha dawa, kitambaa, nusu ya skonzi. Alipofika kwenye kopo la biskuti, kalamu ilisimama. Alilitazama lile pengo la jino kwa muda mrefu.

"Afande, kesi za mauaji huchukua muda. Hii tuiweke kwenye friji? Isije ikaharibika kabla jaji hajaiona."

Inspekta aliinama juu ya kopo. Kidole chake kiligusa ukingo wa skonzi, mbali na meno ya mtoto. Ilibonyea, kisha ikapanda tena, laini kama imetoka tanurini leo.

"Mtoto wa watu ameshakuwa udongo," alisema. Akafunika kopo polepole. "Hii iache tu hapo. Haitaharibika."